Ukitaka kumkamata adui, piga freni: mwendo wa kweli wa anga katika michezo ya mezani

Tuanze na chukudu. Kijana anayetoka Kibumba kushuka Goma na magunia ya viazi anajua jambo moja ambalo watu wengi wa sinema hawalijui: kupata mbio si kazi, kazi ni kusimama. Mzigo ukisha kushika mteremko unataka kuendelea, na yeye anabaki kukanyaga kile kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma na kuomba Mungu.

Sasa ondoa barabara. Ondoa mteremko, ondoa upepo, ondoa na kile kipande cha mpira. Kinachobaki ni chombo cha anga. Ukikisukuma mara moja, kinakwenda. Ukizima motere, kinakwenda vilevile. Kesho kinakwenda, mwaka ujao kinakwenda. Ili kisimame unapaswa kukisukuma upande wa nyuma, kwa mafuta yaleyale uliyotumia kukipeleka mbele.

Kwenye sinema si hivyo. Vyombo vinapinda kona kama ndege za vita, vinasimama ghafula mbele ya adui, vinanguruma mahali ambapo hakuna hewa ya kubeba sauti. Na michezo mingi ya mezani, ile ya ramani na kete na dadu, imefuata sinema. Kete yako inasogea vyumba sita, inasimama. Zamu inayofuata unaigeuza, inasogea vyumba sita upande ule ilikotoka. Hiyo ni dame iliyovalishwa nguo za anga.

Wakati wa likizo, umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, nilijaribu kuwafundisha watoto wa dada yangu mchezo wa namna nyingine kwa kaye ya karo, biki mbili na vifuniko vya chupa. Mdogo wao alipeleka kete yake mbio kabisa kwenye sayari, kisha akataka isimame. Nikamwambia haiwezi. Akanitazama kama nimemwibia. "Mujomba, juu ya nini haisimame? Motere si iko?" Swali zuri. Makala hii ni jibu lake, na kwa yule anayetaka kujaribu nyumbani, ni namna ya kuutengeneza mchezo huo.

Jambo la kwanza ni ule mwendo usiokwisha. Watu walikwisha kulipatia dawa nyepesi miaka 50 iliyopita. Mwaka 1973, kampuni ya Marekani iliyoitwa GDW ilitoa mchezo wa Triplanetary, kazi ya Marc Miller na John Harshman. Ramani yake inatoka kwenye Jua hadi Jupiter, na imegawanywa kwa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Wachezaji wanachora mstari juu ya ramani kwa penseli inayofutika. Kanuni yake unaweza kuieleza kwa pumzi moja: mstari uliochora zamu iliyopita, urudie uleule zamu hii, urefu uleule, upande uleule. Ukitaka kuubadilisha, lipa mafuta. Tone moja la mafuta linasogeza ncha ya mstari chumba kimoja, upande wowote unaotaka.

Basi. Kwa kanuni hiyo moja, Newton ameingia mezani. Kama chombo chako kilikwenda vyumba vitano, zamu hii kitakwenda vitano tena. Kwa tone moja unaweza kukifanya kiende vinne, au sita, au vitano kwa kupinda kidogo. Kukisimamisha kutoka vitano kunataka zamu tano na matone matano. Njo maana mtoto wa dada yangu aligonga sayari: alitumia mafuta yote kuongeza mbio, hakubakiza ya kupunguza.

Mwaka 1978 kampuni hiyohiyo ilitoa mchezo mwingine mdogo, Mayday, usiohitaji penseli. Kila chombo kina kete tatu: moja inaonyesha kilikuwa wapi, ya pili kiko wapi, ya tatu kitakuwa wapi kama hutagusa motere. Mimi nazipenda hizo kete tatu kuliko penseli, sababu mtu anaona kesho yake imelala pale mezani. Na adui anaiona pia. Vita vinageuka kuwa mambo ya kusoma: sioni tu uliko, naona unakolazimika kwenda.

Jambo la pili ni uvutano, na hapa ndipo watu wengi wanapotea, hata waliosoma. Ukiuliza kwa nini wanaanga wanaelea ndani ya kituo cha anga cha kimataifa, tisa kati ya kumi watakujibu kwamba huko juu uvutano wa Dunia umekwisha. Si kweli. Kituo hicho kiko kilomita 400 hivi juu yetu, umbali kama wa safari ya gari. Uvutano pale bado una nguvu kama sehemu tisa kati ya kumi ya ule tulio nao hapa chini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka. Wanaanguka mchana na usiku, pamoja na nyumba yao, na hawafiki chini.

Namna gani mtu aanguke asifike chini? Newton alilieleza kwa mfano wa mlima mrefu na mzinga. Tuchukue mlima wetu, tuseme tuko juu ya Nyiragongo, na tuseme hakuna hewa. Unatupa jiwe mbele. Katika sekunde ya kwanza jiwe lolote linaanguka mita 5 hivi, liwe limetupwa na mtoto au na mzinga. Lakini Dunia ni mviringo: ukienda kilomita 8 mbele, ardhi yenyewe imeinama mita 5. Kwa hiyo jiwe linalokwenda kilomita 8 kwa sekunde linaanguka mita 5, na ardhi imeinama mita 5, liko juu ya ardhi kama lilivyokuwa. Sekunde ya pili, vilevile. Linaizunguka Dunia yote na kukugonga mgongoni. Hiyo ndiyo inaitwa obiti. Kwa mbio hizo, kutoka Goma hadi Bukavu kwa mstari ulionyooka ni sekunde 13 tu. Wale wanaokesha kwenye mashua kati ya miji hiyo miwili watanielewa.

Kwenye Triplanetary uvutano umetengenezwa kwa mishale. Kila chumba kinachogusa sayari kina mshale unaoelekea sayari. Ukipita katika chumba hicho, zamu inayofuata ncha ya mstari wako inasogezwa chumba kimoja kufuata mshale, upende usipende. Ukipita kwa mbali hakuna kitu. Ni urahisishaji mkubwa, maana kwa kweli uvutano haukatiki ghafula. Lakini jaribu hivi: weka kete katika chumba kinachogusa sayari, iwe inakwenda chumba kimoja kwa zamu kuelekea chumba cha jirani ambacho nacho kinagusa sayari. Mshale unaivuta ndani. Jumlisha mwendo wa zamani na mvuto: kete inaangukia chumba kinachofuata kwenye mzunguko. Tena, na tena. Zamu sita, imerudi ilipoanza, na haikutumia hata tone moja. Mimi nilichora hilo kwa biki mara tatu kabla ya kuamini. Hakuna mtu aliyeandika katika kanuni "hapa kete izunguke". Inazunguka yenyewe, kwa kuanguka na kukosa.

Lakini mishale hiyo inafaa ramani kubwa, ya kutoka sayari moja hadi nyingine. Kama vita vyenyewe viko karibu na Dunia, kati ya chombo na chombo vinavyozunguka sayari moja, kuna jambo la ajabu ambalo mishale haionyeshi vizuri. Na jambo hilo lilimshinda rubani wa kweli.

Mwezi wa Juni 1965, chombo cha Marekani Gemini 4 kilirushwa kikiwa na James McDivitt na Edward White. Kazi moja waliyopewa ilionekana ndogo: kukaribia kile kipande cha roketi kilichowapeleka juu, ambacho kilikuwa kinaelea karibu nao. McDivitt alikuwa rubani wa ndege za vita. Akafanya kama rubani yeyote: akaelekeza pua ya chombo kwenye kipande kile, akasukuma. Kikazidi kwenda mbali. Akasukuma tena, kikazidi. Mafuta yakapungua, jaribio likaachwa.

Kosa lilikuwa wapi? Halikuwa la mikono. Ukiwa katika obiti na ukasukuma mbele, mbio zako zinakupandisha juu. Ukipanda juu, njia ya kuzunguka inakuwa ndefu, na mwendo wako kule juu unakuwa wa polepole. Ni kusema: ukikanyaga esanse, unachelewa. Na kinyume chake, ukipiga freni unashuka, na ukishuka unakuwa kwenye njia fupi yenye mbio nyingi. Anayetaka kumkamata aliye mbele yake kwenye obiti moja anapaswa kupunguza mbio kwanza. Mwezi wa Desemba mwaka uleule, tarehe 15, Gemini 6A ilifuata njia hiyo: ilirushwa kwenye obiti ya chini, ikaifukuza Gemini 7 kutoka huko chini, kisha ikapanda. Vikakaribiana hadi sentimita 30 hivi. Mmoja wa wanaanga wa mpango ule, Buzz Aldrin, alikuwa ameandika kazi yake ya udaktari juu ya swali hilohilo la kukutana angani, kwenye chuo cha MIT, mwaka 1963.

Sasa tutengeneze ubao unaofanya kitu hicho. Nitaeleza ule tulioutumia nyumbani. Unahitaji karatasi kubwa, kompa au uzi na biki, late, na dadu moja ya ludo.

Chora Dunia katikati. Izungushie miviringo mitatu: wa kwanza sentimita 4 kutoka katikati ya Dunia, wa pili sentimita 8, wa tatu sentimita 16. Kisha gawanya karatasi yote kwa mistari kutoka katikati, kama mtu anayekata keki, vipande 24 vilivyo sawa. Kila kete inakaa mahali ambapo mviringo unapita ndani ya kipande.

Kila zamu, kabla mtu hajafanya lolote, kete zote zinasogea zenyewe upande uleule. Zilizo kwenye mviringo wa ndani zinasogea vipande 8. Za katikati, vipande 3. Za nje, kipande 1. Hesabu hizi sikuzitoa mfukoni. Ni za Kepler, yule Mjerumani wa miaka ya 1600: chukua umbali kutoka katikati, uzidishe kwa wenyewe mara tatu, kisha tafuta kipeo cha pili. Mviringo wa nje uko mbali mara 4. 4 mara 4 mara 4 ni 64. Kipeo cha pili cha 64 ni 8. Basi wa nje anatumia muda mara 8 ya wa ndani kumaliza mzunguko. Wa katikati anatumia karibu mara 3; nimekata visenti vya mwisho ili tusihesabu nusu za vipande.

Na ubao huu si wa kubuni. Ukisema mviringo wa ndani ni obiti ya kituo cha anga cha kimataifa, ambacho kinamaliza mzunguko kwa dakika 90 na kidogo, basi kila zamu ni nusu saa, na mviringo wa nje unaangukia karibu kabisa na satelite za GPS, zile zinazoiambia simu yako uko wapi, ambazo zinakaa kilomita 20,200 juu na kuzunguka kwa saa 12 hivi. Satelite za televisheni, zile parabole zetu zinazozitazama, ziko nje kidogo ya karatasi, kilomita 35,786 juu ya ikweta, na zinasogea nusu kipande kwa zamu. Zinazunguka kwa saa 24 kama Dunia yenyewe, njo maana parabole ukisha kuifunga huigusi tena.

Kuhama mviringo mmoja kwenda mwingine kunalipwa mafuta mara mbili: mara ya kuondoka na mara ya kufika. Kati ya ndani na katikati ni matone 3 kwa jumla, 2 ya kwenye mviringo wa ndani na 1 ya kwenye ule wa katikati. Kati ya katikati na nje ni matone 2, moja kila upande. Kati ya ndani na nje moja kwa moja ni 5: 3 ya ndani na 2 ya nje. Kila tone ni badiliko la mita kama 770 kwa sekunde. Bei ni ileile ukipanda au ukishuka, maana angani hata kushuka kunalipiwa. Mpe kila mchezaji matone 12 tu.

Safari nayo inachukua muda, na kila mara unafika upande wa pili wa Dunia, vipande 12 kutoka ulipoondokea. Ndani kwenda katikati ni zamu 3. Katikati kwenda nje ni zamu 8. Ndani kwenda nje moja kwa moja ni zamu 6. Soma tena hizo mbili za mwisho. Ndiyo, anayetoka mbali anafika mapema kuliko anayetoka karibu, sababu anaondoka na mbio nyingi zaidi. Wakati wa safari, toa kete yako kwenye mviringo, iweke pembeni, na uandike mbele ya watu wote: nitafika kipande fulani, zamu fulani. Hakuna siri. Ukifika bila kulipa lile tone la kufika, hubaki pale. Unaanguka kurudi ulikotoka, kwa zamu zilezile ulizotumia kwenda.

Mfano. Uko mviringo wa ndani, adui yuko wa nje. Safari ni zamu 6, na katika zamu hizo adui anasogea vipande 6, robo ya duara. Wewe unafika vipande 12 mbele ya ulipoondokea. Kwa hiyo siku ya kuondoka adui awe vipande 6 mbele yako. Akiwa 5 au 7, utafika mahali ambapo hayuko. Basi unasubiri. Vita vya anga vya kweli vingekuwa hivyo: kusubiri kwingi, kisha dakika moja ya hatari.

Mfano wa pili ni ule wa McDivitt. Wewe na adui mko kwenye mviringo wa nje, naye yuko vipande 8 mbele. Wote mnakwenda kipande 1 kwa zamu. Hutamfikia hata mwisho wa dunia. Piga freni, tone moja. Unashuka hadi mviringo wa katikati, zamu 8. Usilipe tone la kufika, acha njia yako ikurudishe juu yenyewe, zamu 8 nyingine. Jumla zamu 16, na umemaliza duara zima, vipande 24. Yeye katika zamu 16 amekwenda vipande 16. Hesabu: ulikuwa nyuma vipande 8, umepata vipande 8. Umetokea kando yake. Lipa tone moja ubaki pale. Matone mawili kwa jumla, na ulianza kwa kumpa mgongo.

Mtu atauliza: na nikitaka kugeuka tu, nizunguke upande wa pili, nimpokee uso kwa uso? Kwenye mviringo wa ndani hilo linataka matone 20. Una 12. Kwa kweli ni kilomita 15 hivi kwa sekunde za kuua na kuanza upya. Hakuna anayegeuka.

Upande wa kupigana, sisi tuliufanya mwepesi: unaweza kupiga aliye kwenye mviringo wako, kipande kimoja na chako au cha jirani, kwa dadu, 4 kwenda juu umempata. Lakini kuna kanuni moja ambayo naomba msiiache, hata mkiacha zote. Chombo kikipigwa, hakiondoki mezani. Weka mahali pake maharage sita. Hayo ni mabaki, na yanaendelea kuzunguka kila zamu kwa mbio zilezile za mviringo ule. Zamu inayofuata yatawanye kipande kimoja mbele na kimoja nyuma, na inayofuata tena hivyo, hadi yaenee. Yeyote anayekuja kutoka mviringo mwingine na kufikia kipande chenye harage, anatupa dadu. 1 ikitoka, naye amekuwa maharage.

Hili nalo ni la kweli kabisa. Januari 2007 China ilipiga kwa kombora satelite yake yenyewe iliyozeeka ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kilomita zaidi ya 800 juu. Vipande zaidi ya 3,000 vya kuonekana kwa rada vilitokea, na vingi bado vinazunguka. Tarehe 10 Februari 2009, satelite ya Marekani ya simu, Iridium 33, iligongana na satelite ya Urusi iliyokufa, Cosmos 2251, kwa kilomita zaidi ya 11 kwa sekunde. Hakuna aliyempiga mwenzake. Zilikutana tu njiani. Na Novemba 2021 Urusi nayo ilipiga satelite yake. Donald Kessler na Burton Cour-Palais walikuwa wamelitabiri mwaka 1978: vipande vinazaa migongano, migongano inazaa vipande, hadi obiti nzima haitumiki.

Na nani anapoteza? Si wale tu waliorusha kombora. Picha za rada kutoka satelite zinasaidia wataalamu kupima namna ardhi inavyosogea kuzunguka Nyiragongo, kama ilivyofanyika wakati wa mlipuko wa Mei 2021. Simu ya dereva wa lori, saa ya benki, televisheni ya jirani, vyote vinategemea vyuma vile. Kongo haina kombora hata moja la kufika huko, lakini maharage yakimwagika, yamemwagikia kila mtu.

Kuna msomaji atakayesema: watu wa huku tumechoka na vita, halafu radio inatufundisha mchezo wa vita? Nimelifikiri. Ukitaka, ondoa bunduki: fanya mchezo wa mwokozi na aliyeishiwa mafuta, kanuni ni zilezile na hesabu hazibadiliki. Wakubwa wa nyumbani kwetu walipendelea hivyo. Watoto, niseme ukweli, walitaka kupigana, kisha baada ya mchezo wa pili walianza kuogopa maharage kuliko adui, na vita vikapungua vyenyewe.

Swali lingine ni kiasi gani cha ukweli mchezo unaweza kubeba. Wapo waliokwenda hadi mwisho. Attack Vector: Tactical, mchezo wa Ken Burnside uliotoka 2004, unachezwa katika pande zote tatu, na juu na chini zikiwemo, na mchezaji anafanya kazi na majedwali. High Frontier ya Phil Eklund, ya 2010, ina ramani isiyojali kilomita. Nafasi zake zimepangwa kwa mafuta unayohitaji kupita. Hiyo ya pili ni akili kubwa, maana angani umbali si kilomita, umbali ni mafuta. Lakini zote mbili zinataka jioni nzima na kichwa kilichopumzika.

Mimi nasema ongeza jambo moja tu kwa wakati, na uliache likibadilishe mchezo kabla ya kuongeza la pili. Hata wakubwa walikatisha njia. Mwaka 1962, pale MIT, Steve Russell na wenzake walitengeneza Spacewar!, mmoja wa michezo ya kwanza kabisa ya ordinateri. Mwenzao Dan Edwards akaongeza nyota katikati inayovuta vyombo. Mchezo ukawa mwingine kabisa. Lakini mashine yao haikuwa na nguvu ya kuhesabu uvutano kwa kila kitu, wakaacha makombora yapite kana kwamba nyota haipo. Fizikia nusu. Na watu walicheza hadi usiku wa manane.

Kwetu, sisi tuliacha mengi. Karatasi yetu ni bapa, wakati obiti za kweli zinalala kwa pembe mbalimbali, na kubadilisha pembe ni ghali kuliko karibu kila kitu. Tuliacha uzito wa mafuta yenyewe: tanki likipungua chombo kinakuwa chepesi, tone la mwisho linasukuma kuliko la kwanza. Tuliacha hewa nyembamba inayokivuta kituo cha anga chini kidogokidogo hadi kisukumwe tena. Anayetaka aongeze.

Yule mdogo aliyegonga sayari, jioni ya tatu alikuwa mviringo wa nje, kaka yake vipande 8 mbele yake akimcheka. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Kisha akachukua kete yake, akaiweka pembeni ya karatasi, akasema: "Napiga freni." Kaka yake akasema amekata tamaa. Zamu 16 ni nyingi. Tulikula, umeme ukarudi, ukakatika tena. Kete ilipopanda tena kutoka chini ilikuwa kando ya ile ya kaka yake, na ilikuwa imebakiwa na matone manne.